Masale kwenye Bustani ya Mzee wa Kiingereza

Nyumba niliyoitamani kuliko zote maishani mwangu sijawahi kuingia mlango wake. Naijua kwa simu tu. Iko katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, mji usio na sifa yoyote ya kuandikwa kwenye kadi ya posta, na dada yangu alinitembeza ndani yake siku ya kwanza alipokwenda kuiona, simu mkononi, akihema kidogo kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya duka la vyakula Riverdale Park, Maryland, na samaki wa barafu kiti cha nyuma. Niliwasahau samaki. Niliona sebule yenye zulia la rangi ya chai ya maziwa, jiko lenye dirisha linalotazama bustani, na kando ya jiko chumba kidogo ambacho mwenye nyumba alikitumia kuwekea magazeti ya zamani na baiskeli iliyokufa.

“Hiki chako,” dada alisema.

“Na baiskeli?”

“Na baiskeli. Utakuwa unaendesha kwenda dukani, upunguze hilo tumbo.”

Dada yangu ndiye kifungua mimba kwetu, mimi ni kitinda mimba. Alipoondoka nyumbani kwenda chuo cha uuguzi nilikuwa sijaota meno ya mbele, na tangu hapo hatujawahi kuishi chini ya paa moja kwa muda unaozidi urefu wa msiba. Misiba ndiyo iliyotukutanisha: wa baba, wa mama, na wa mume wake. Yeye aliishia Uingereza, mimi niliishia Marekani, kwa sababu ambazo wakati ule zilionekana za maana sana na ambazo leo ukiniuliza nitahitaji muda kuzikumbuka.

Sasa alikuwa anakaribia kustaafu wodini. Watoto wake wametawanyika. Binti yangu ameanza chuo kikuu, na ndoa yangu ilikwisha kwa amani kiasi kwamba hata marafiki walikosa cha kusengenya. Ndipo dada akaja na wazo: tununue nyumba wawili. Mimi nifundishapo, madarasa hufungwa kiangazi na Krismasi. Ningekwenda kila yanapofungwa, na nikistaafu ningekaa miezi kadhaa kule, miezi kadhaa huku. Alilisema kama mtu anayetaja mboga ya jioni. Nilikata simu nikakaa garini mpaka mlinzi wa maegesho akaja kuniuliza kama niko salama.

Kazi yangu ni kuwafundisha Kiswahili Wamarekani wanaopelekwa kwenye balozi za Afrika Mashariki. Pembeni huandika makala zinazosomwa na watu wachache wenye subira. Chuo kikuu nilisoma fasihi na siasa, mchanganyiko unaomfanya mtu aamini kwamba kila sheria duniani iliandikwa ikimsubiri yeye aje aisome. Kwa hiyo badala ya kununua tiketi kwenda kuiona nyumba, nikaanza kusoma sheria ya nyumba ya Uingereza. Nilisoma kurasa za maswali yanayoulizwa mara kwa mara kama wengine wanavyosoma Zaburi.

Je, mgeni anaweza kununua nyumba Uingereza? Anaweza. Je, kuwa na nyumba kunampa haki ya kuishi nchini? Hakumpi, ataingia kama mgeni mwingine yeyote na kutoka muda wake ukiisha. Je, muuzaji akishakubali ofa yangu, nyumba ni yangu? Hapana. Kule, muuzaji akisema ndiyo, amesema tu. Anaweza kubadili mawazo kesho asubuhi, na mnunuzi vilevile, mpaka siku ambayo wanasheria wa pande zote mbili watabadilishana mikataba iliyosainiwa. Kabla ya hapo hakuna aliyefungwa na lolote. Swali hili nililisoma, nikalielewa, hata nikalipigia mstari, na halikunisaidia chochote.

Jumamosi moja nilikwenda Bowie, mji wa jirani hapo hapo Maryland, kwa rafiki yangu mtu wa Arusha, mhasibu serikalini, mwenye gereji ya magari mawili ambamo hajawahi kuingiza gari hata moja. Ndani yake kuna friza tatu na viti vya plastiki vya kutosha harusi. Alikuwa anachoma nyama kwenye baraza la mbao nyuma ya nyumba.

“Wakili kafika,” akatangaza. “Haya, leo tunafundishwa nini?”

“Umiliki wa pamoja.”

“Mungu wangu. Mpeni nyama anyamaze.”

Jirani yake, nesi wa Kikenya ambaye huja na chapati na maoni, alinisogezea kiti. “Lakini wewe, si ununue tu hapa Bowie kama watu wengine? Hapa uko na parking, uko na compound, uko na sisi.”

“Hapa hakuna dada yangu.”

“Si umlete?”

“Dada yangu haletwi. Ukimleta atakupangia vyombo.”

“Basi huyo ni dada kabisa,” akasema. “Haya, hiyo ya pamoja ni gani? Tuambie ukimaliza kutafuna.”

Nikawaeleza, kwa sababu sijawahi kuombwa mara mbili. Watu wawili wakinunua nyumba Uingereza, mwanasheria huwauliza mnaimiliki vipi. Njia ya kwanza, kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu linakwenda kwa aliyemwandika kwenye wosia. Njia ya pili haina mafungu. Wawili ni kama mwili mmoja. Mmoja akifa, nyumba yote inabaki kwa mwenzake moja kwa moja, bila wosia wala mahakama.

“Na nyinyi mko wapi hapo?” mhasibu akauliza.

“Ndipo tulipokwama.”

Tulikwama kwa sababu nilimwandikia dada barua pepe ndefu yenye faida na hasara za kila njia, na mifano, na hitimisho lisilohitimisha kitu. Alinipigia simu akiwa amevaa koti, kwenye kituo cha basi.

“Mama alipotupakulia ugali, alikuuliza asilimia yako?”

“Dada, hili ni swali la mtu akifa.”

“Nani anakufa?”

“Hakuna anayekufa. Mwanasheria anauliza tu.”

“Mwambie kwetu hatumuulizi mtu anayenunua nyumba kwamba utakufa lini. Tunamuuliza atahamia lini, tuje na sufuria.”

Nilimwandikia barua nyingine, ndefu zaidi. Wiki zikapita hivyo, mimi nikiandika, yeye akipanda basi. Mwishowe akasema tu, “Andika ule mwili mmoja. Umeniudhi vya kutosha.” Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikwenda kazini siku hiyo nikawafundisha wanafunzi wangu maneno yote ya Kiswahili ya undugu, ingawa somo la siku lilikuwa bei sokoni.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane, mwalimu wa useremala aliyestaafu. Mara ya kwanza dada alipokwenda, alimpa chai. Mara ya pili dada alikwenda na maandazi, ingawa hapakuwa na sababu ya kisheria ya kwenda mara ya pili. Hapo hapo jikoni, kabla hata ya kumwambia dalali, mzee akasema nyumba itakuwa ya dada, akampa mkono, na dada akaupokea kwa mikono miwili kama tunavyompokea mtu mzima. Kwake yeye, biashara ilikwishia pale. Neno limesemwa, mkono umetolewa, kitu kimeliwa. Kila nilipotaja kubadilishana mikataba alinijibu sentensi ileile.

“Amekula maandazi yangu.”

“Ndiyo, dada, lakini mahakama—”

“Amekula manne.”

Kisha ikaja ramani. Mwanasheria wetu alimtumia dada nakala ya ile inayokaa kwenye daftari la ardhi la serikali, nyumba imezungushiwa mstari mwekundu, na chini yake maelezo kwamba mstari huo unaonyesha mahali mpaka ulipo kwa ujumla tu. Haudai kusema mpaka uko hapa hasa au pale hasa. Dada alinipigia amekasirika kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

“Nchi imechimba treni chini ya ardhi, na haijui bustani ya mtu inaishia wapi?”

Nilimweleza kwamba ndivyo ilivyo kwa karibu kila nyumba kule. Kukitokea ugomvi, wataangalia hati za zamani, uzio, na jinsi majirani walivyozoea kuishi.

“Kwa ujumla,” akarudia, kama anayeonja kitu kilichochacha. “Kwa ujumla!”

Msomaji asiyetoka Kilimanjaro anahitaji kujua jambo moja hapa. Kwetu mpaka hauchorwi, hupandwa. Tunapanda masale, mmea wa majani marefu membamba usiokufa kirahisi, na ukishapandwa mbele ya muuzaji, mnunuzi na jirani, hakuna wa kuung’oa. Watu wenye hati za serikali bado huulizana masale yako wapi. Na kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa na makaburi, kwa mila huachiwa mtoto wa mwisho wa kiume. Yaani mimi. Kihamba cha baba kina masale pande zote na kina jina langu, mimi niliyeondoka nikiwa sijui hata kupogoa mgomba. Dada, aliyembebea mama maji na kumuuguza baba, hakupewa hata kona. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna kitu cha kumpa. Wala yeye hakuwahi kulisema.

Kwa hiyo niliposema nilichosema nilikuwa natania tu.

“Basi panda masale.”

Nilidhani simu imekatika.

“Mimi sijawahi kupanda masale,” akasema.

Uingereza masale huuzwa kwenye vyungu vya plastiki, kwa ajili ya ofisi na vyumba vya kusubiria kwa daktari wa meno. Si yale yetu hasa, ni binamu zake, lakini majani ni yaleyale. Dada alinunua manne, akayapakia kwenye basi, akaenda nayo kwa mzee. Alimwambia kwamba kwao mtu akinunua mahali hupanda haya kwenye pembe nne. Mzee alidhani ni desturi nzuri ya kupamba bustani. Akaleta sepetu yake mwenyewe, akachimba mashimo.

Nilitazama yote kwa simu, asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, dirishani kwangu Riverdale Park. Treni ya mizigo ikapita nyuma ya jengo, ile isiyokwisha, na kwa muda nikaona midomo tu. Mzee akinyoosha mgongo. Dada amepiga magoti na sketi yake ya kanisani. Treni ilipokwisha nikamsikia jirani akiuliza juu ya uzio kama wanapanda ua mpya.

“Mwambie asiondoke,” nikapiga kelele kwenye simu. “Ndiye shahidi!”

“Namjua shahidi kuliko wewe,” dada akanijibu kwa Kiswahili, huku akimtabasamia jirani kwa Kiingereza.

Mzee akamwonya kwamba mimea ile haitavuka majira ya baridi. Dada akamwambia baridi ikija atakuwa amekwishahamia, ataifunika. Kisha akazunguka pembe zote nne, moja moja, akagusa kila mmea, na kwenye pembe ya mwisho akasimama akiwa amenipa mgongo kwa muda mrefu kuliko pembe nyingine. Nilijua kisheria kilichotokea: kilichotia mizizi ardhini ni cha mwenye ardhi, na dada alikuwa amempa mzee zawadi ya mimea minne. Nililijua hilo vizuri. Na bado, nikiwa na shahada zangu mbili na kahawa yangu imepoa, nilitazama yale majani nikaona kwamba basi, imekwisha, ni yetu. Mchana ule nilikwenda duka la samani nikapima meza kwa kamba ya kiatu. Siwezi kueleza kwa nini. Meza ya Maryland haiendi Uingereza.

Dalali alipiga simu katikati ya kiangazi. Binti wa mzee, anayeishi kusini, alikuwa amepata nafasi kwa baba yake kwenye makazi ya wazee karibu naye, nafasi isiyosubiri, na amepata pia mnunuzi asiyehitaji mkopo, anayeweza kumaliza mambo haraka. Sisi bado tulikuwa tunasubiri benki ikubali mkopo wetu. Benki nayo ilikuwa inanisubiri mimi, maana nakala za pasipoti yangu zilitakiwa kuthibitishwa na mwanasheria wa Maryland, na nilikuwa nimezituma bila muhuri, kisha na muhuri usiofaa. Mzee atauza kwa yule mwingine.

Dada alinipigia akiwa wodini, kwenye chumba cha kuwekea mashuka. Niliyaona nyuma yake.

“Anaweza?” akauliza.

“Anaweza.”

“Hata baada ya kunipa mkono?”

“Hata baada ya mkono.”

“Na masale?”

Nilikuwa na jibu kamili la swali hilo. Ningeweza kulijibu kwa vipengele. Mimi, wakili wa Bowie, mtu asiyenyamaza mpaka apewe nyama, nikasema, “Hata na masale, dada.”

Akaitikia kwa kichwa, kama anavyowaitikia madaktari, akakata simu kwa sababu kengele ya mgonjwa ililia.

Binti yangu alikuwa nyumbani kwa likizo. Yeye huelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, na tumeishi hivyo kwa heshima tangu aanze shule. Aliniuliza kama kuna mtu aliyekuwa amesaini chochote. Nikamwambia hapana. Akauliza, basi mlidhani mmenunua vipi. Nikamwambia mzee alikula maandazi. Alinitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kumwambia mgonjwa, akaenda zake chumbani.

Baada ya muda akarudi, akakaa pembeni yangu kwenye kochi, akauliza ningeweka nini kwenye kile chumba.

Nikaanza kumwambia, na nikashangaa mwenyewe jinsi nilivyojua. Kitanda ukutani, upande wa jiko, ili asubuhi nisikie sufuria. Meza chini ya dirisha. Redio. Vitabu vile tu nilivyokwisha kuvisoma, maana kule nisingekuwa na haja ya kumwonyesha mtu kwamba ninasoma. Msumari nyuma ya mlango kwa koti. Nilimwambia jinsi kila jioni nikitoka kazini, nikiwa kwenye foleni ya Route 1 kati ya duka la matairi na duka la donati, nilikuwa naingia chumba kile, navua viatu, nasikia mtu upande wa pili wa ukuta anayejua nilikuwaje nilipokuwa sina meno. Nilikuwa nakaa humo mpaka taa zigeuke kijani na dereva wa nyuma anipigie honi.

“Ulikuwa unahama?” akauliza. Kwa Kiswahili.

“Nusu tu.”

Aliegemea bega langu, na kwa kuwa ni mrefu kuliko mimi ilibidi ajikunje.

Dada hakupiga simu kwa siku kadhaa. Nilipompigia mimi alizungumzia hali ya hewa. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba siku hizo alikuwa anaandaa hotuba. Aliitunga kwa Kiingereza, kwenye basi, kwenda na kurudi kazini, ya kumsomea yule mzee siku watakayokutana dukani mbele za watu. Ilikuwa na sehemu ya heshima, sehemu ya maandazi, na mwisho wenye neno moja ambalo dada, mzee wa kanisa, alikuwa hajawahi kulitamka kwa lugha yoyote.

Hakukutana naye dukani. Jumapili moja alasiri, ametoka ibadani na bado ana kilemba kichwani, kengele ya mlango wake ikalia. Dada amepanga nyumba ndogo ghorofani, juu ya duka la kinyozi. Akafungua. Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi, anahema, na mikononi amekumbatia masale. Yote manne, yamechimbwa kwa uangalifu wa fundi, mizizi imefungwa kwenye magunia. Alisema anajua kisheria ni ya bustani, dalali alimwambia ayaache, lakini yeye anaona ni ya dada, na asingeweza kulala akijua baridi itayaua kwa mtu mwingine. Alisema anaona aibu. Alisema samahani.

Kwetu masale yana kazi mbili. Ya kwanza nimeisema. Ya pili ni hii: mtu aliyekukosea akija kwako ameshika masale, anaomba msamaha, na huo huwezi kuukataa. Hata kama kosa ni la damu. Unaweza kulia, unaweza kumwambia yote uliyonayo moyoni, lakini mlango huufungi. Watu wamemaliza uhasama wa miaka kwa jani moja. Na hapa alisimama mzee wa Kiingereza asiyejua lolote la haya, amebeba manne na udongo wake.

“Alikuja na masale, mdogo wangu,” dada aliniambia kwenye simu, sauti yake haikujua iende kulia au kucheka. “Mkononi. Na mizizi!”

“Nani kamfundisha?”

“Nani wa kumfundisha? Yule hata mhogo hajui.”

“Umemwambia maana yake?”

“Nimwambie ili iweje? Ajivune? Nimemwambia karibu ndani.”

“Na hotuba?”

“Angekuja na maua ningemsomea yote, mpaka lile neno la mwisho. Angekuja na keki ningemfungia mlango, keki nikabaki nayo. Lakini sasa nifanyeje? Nimempa chai. Amekaa mpaka jioni. Ananisimulia habari za mkewe. Anaogopa kwenda huko kwa binti yake. Hajawahi kukaa mahali pasipo na bustani.”

Nilicheka, kisha sikucheka tena. Masale aliyaweka kwenye beseni la kuogea kwa usiku ule, na kesho yake akayapeleka kanisani yakawekwe ukumbini, kwa sababu nyumba yake haina pembe za kutosha.

“Aliniuliza habari zako,” dada akasema.

“Mimi?”

“Alisema, yule ndugu yako wa kile chumba, anakuja lini? Nikamwambia haji tena, nyumba imepotea. Akasema, kwani alikuwa anakuja kwa ajili ya nyumba?”

Nje kwangu jua lilikuwa bado kali. Mtu alikuwa anaosha gari, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa.

“Nikakosa jibu,” dada akaendelea. “Mzee wa watu ananiuliza swali jikoni kwangu, na mimi dada yako mkubwa sina jibu. Nijibu wewe. Ulikuwa unakuja kwa ajili ya nyumba?”

“Unajua, dada, kwa mgeni asiye na haki ya kukaa, kuwa na nyumba ni—”

“Sikuulizi sheria.”

“Najua.”

“Hiyo sheria umenisomea mwaka mzima. Umenisomea mpaka wa jirani, umenisomea nani atakufa kwanza. Mimi nilikuwa natafuta chumba tu cha kukuweka. Nina kochi. Ni fupi. Unakuja au huji?”

Kuna watu ambao wangejibu mara moja. Mimi nilitazama kalenda ya madarasa, nikatazama tumbo langu, nikatazama kamba ya kiatu iliyokuwa bado mezani na fundo lake la kupimia. “Nakuja,” nikasema. “Krismasi.”

“Ukiniandikia barua pepe kuhusu kochi nitakublock.”

Nilikwenda Desemba. Kwenye uwanja wa ndege dada alionekana mdogo kuliko kwenye simu, na alinishika masikio yote mawili kama anayekagua kama ni mimi kweli. Kwenye basi la kwenda kwake alinyoosha kidole dirishani, akasema ni mtaa ule pale, nyumba ya nne, lakini vioo vilikuwa na mvuke na mimi nikatazama upande wa pili. Hakuna aliyependekeza turudi kuangalia. Dalali bado humtumia picha za nyumba nyingine, na dada bado huzifungua. Anasema hii ina jiko zuri, ile haina bustani, kisha anaweka simu chini anauliza kama nimekula. Tulikula sana. Tuligombana kuhusu chumvi. Tuligundua kwamba mimi hukoroma kama baba na yeye huamka kabla ya jogoo ambaye mji ule hauna.

Kochi kweli lilikuwa fupi. Nililala miguu ikining’inia, blanketi mbili, na ukuta mwembamba kati yangu na jiko. Tiketi ya kurudi ilikuwa ndani ya simu, na tarehe yake naijua, na najua Januari nitakuwa tena kwenye foleni ya Route 1 nikiwangoja waliotangulia wanunue donati zao.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikasikia maji yanachemka, kabati linafunguliwa, kijiko kinagonga ukingo wa sufuria mara mbili, na miguu ya mtu anayetembea kwa soksi ili asiniamshe.

“Mdogo wangu,” akaita kwa sauti ya chini. “Chai.”

Nilikuwa macho kitambo. Nikafumba macho, nikanyamaza, ili aite tena.